Mwanafunzi anafaulu vizuri kwenye mdoli, akifika leba anaganda. Tunapimaje ubora wa mafunzo ya simulesheni?

#1 Mkufunzi wa Uyole
Heshima kwenu wakuu.

Nafundisha ukunga ngazi ya diploma kwenye chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini, chuo chenyewe sitakitaja. Chumba cha mazoezi tunacho: midoli ya watoto wachanga, ya kuzalishia, mikono ya kuchomea sindano, ambu bagi (mifuko ya kumpulizia hewa asiyepumua) za kutosha. Kila mafunzo yakiisha tunagawa fomu: "Umeridhika kwa kiwango gani, 1 hadi 5?" Wanafunzi wanazungushia 5 kuanzia juu mpaka chini. OSCE, ule mtihani wa vitendo wa kupita kituo kwa kituo, nayo wanafaulu.

Kisha wanakwenda fildi, na inchaji wa leba ananipigia: "Mwalimu, mtoto katoka hajalia, huyu binti wako kasimama na kitambaa mkononi ananiangalia mimi."

Sasa uongozi unataka ripoti ya ubora wa mafunzo haya kabla mwaka wa masomo haujaanza, maana kuna mpango wa kununua mdoli wa gharama kubwa unaoendeshwa na kompyuta. Nikipeleka zile fomu za 5 wote watafurahi. Lakini siziamini, na siwezi kusaini nisichokiamini wakati mwisho wa safari yote hii ni mtoto wa mtu.

Naomba mnisaidie: nipime nini hasa? Na kwa nini wanaganda?

#2 Mbalizi Rodi
Naweka kiti hapa. Uzi wa maana huu.

#3 Nesi wa Mafinga
Kamwene mwalimu. Kabla hujawalaumu wanafunzi wala midoli, njoo wodini.

Chuoni kwenu ambu bagi iko mezani, imeshaunganishwa, barakoa yake ya kufunika uso wa mtoto, saizi sahihi, imeshafungwa, taa inawaka. Kwetu huku ukiingia zamu ya usiku unaweza kukuta ambu bagi imefungiwa kabatini kwa sababu iliwahi kupotea, ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kula. Ukiipata, barakoa ni namba 1 tu na mtoto ni njiti anayehitaji namba 0. Mwanafunzi wako hajaganda. Anatafuta kitu ambacho hakipo na hana ujasiri wa kusema hakipo.

Pima mazingira kwanza. Ukipima mtu peke yake utampa yeye kosa la kabati.

#4 Takwimu Kwanza
Mleta mada, unachokitafuta kina ngazi nne, na zimekuwepo tangu Kirkpatrick, mtaalamu wa kutathmini mafunzo, alipoziandika mwaka 1959. Ya kwanza, mshiriki kaonaje mafunzo. Ya pili, kajifunza nini. Ya tatu, anafanya nini akirudi kazini. Ya nne, matokeo kwa mgonjwa. Fomu zako za 5 ni ngazi ya kwanza. OSCE ni ya pili. Simu ya inchaji ni ya tatu, na ndiyo data ya thamani kuliko zote ulizonazo, ila hujaiandika popote.

Na mfano tunao hapahapa nchini: Haydom kule Singida walifundisha wakunga kwa mdoli mpango wa Helping Babies Breathe (kuwasaidia watoto wachanga kupumua), vifo vya vichanga vikashuka kwa 47%.

#5 Mhamiaji wa Mbulu
#4 mkuu, hapo umechanganya mambo mawili, na tofauti yake ndiyo jibu la mleta mada.

Kwanza Haydom iko Mbulu, mkoa wa Manyara. Watu wa Singida wanatibiwa pale ndiyo, ni jirani. Pili, ile 47% si ya Haydom. Ni ya utafiti wa hospitali 8 za Tanzania uliochapishwa 2013: vifo ndani ya saa 24 vilipungua kwa 47%, na watoto waliozaliwa wafu, wale waliokufa muda mfupi tu kabla ya kutoka, wakapungua kwa 24%.

Haydom peke yao walipata kitu kingine kabisa. Walitoa mafunzo ya siku moja mwaka 2010, wakawapima wahudumu kwenye mdoli kabla, na tena miezi kadhaa baadaye. Waliofaulu zoezi la kumsaidia mtoto kupumua walipanda kutoka 18% hadi 74%. Ukisimama hapo unasema mafunzo ni bora, nunua mashine. Lakini walikuwa na watu wa kuangalia na kuandika yanayofanyika leba kwenyewe, na kule idadi ya watoto waliopewa pumzi kwa ambu bagi haikubadilika. Kumsugua mtoto mgongo ili ashtuke, jambo rahisi kuliko yote, kulipungua baada ya mafunzo.

Yaani 74% kwenye mdoli, na wodini hakuna kilichosogea. Mwalimu wa Uyole, huyo ni binti yako na kitambaa chake.

#6 Takwimu Kwanza
#5 shukrani, nimepokea. Niongezee tahadhari moja kwenye ile 47%: ulikuwa ulinganisho wa kabla na baada, hakukuwa na kundi la hospitali ambazo hazikupata mafunzo. Mengine mengi yanaweza kubadilika hospitalini kipindi hichohicho.

#7 Mkufunzi wa Uyole
#5 umenifungua macho. Walifanya nini baada ya kuona hivyo?

#8 Mhamiaji wa Mbulu
Waliacha kutegemea siku moja ya semina. Mdoli ukahamia leba. Mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, watu wakiwa kazini. Taarifa iliyotoka 2015 inaonyesha vifo ndani ya saa 24 vilitoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hadi 7.2.

Mawazo hayo ndiyo yaliyokuzwa baadaye kuwa mradi mkubwa wa vituo 30 kwenye mikoa 5: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Nyanda za Juu Kusini hatumo kwenye hiyo mikoa, na matokeo hayakulingana mkoa kwa mkoa. Kwa hiyo usichukue namba yao ukaibandika Mbeya.

#9 Baridi ya Makete
Mimi nina sababu nyingine ambayo sijaona ikisemwa.

Hatua ya kwanza mtoto akitoka ni kumkausha, kutoa kitambaa kilicholowa na kumweka kwenye kifua cha mama kwa kitambaa kikavu. Huku kwetu Juni na Julai asubuhi majani yana barafu. Mtoto mbichi kwenye chumba kisicho na joto anapoa haraka, na mtoto aliyepoa hapumui vizuri. Sasa angalia wanafunzi wanavyofanya kwenye mdoli: wanapitisha kitambaa juujuu, harakaharaka, wanakimbilia ambu bagi, kwa sababu mdoli ni mkavu. Haujawahi kulowa. Mkono wao haujawahi kujifunza kukausha.

Halafu wakija fildi tunashangaa mtoto anaachwa na maji mwilini. Mwili wa mwanafunzi unafanya ulichozoezwa. Ukitaka kupima ubora wa mafunzo, usiangalie hatua ngumu. Angalia zile ambazo mdoli unaziruhusu zirukwe.

#10 Mtoto wa Mwanjelwa
Watu wa Makete bwana, hata mada ya ukunga lazima barafu iingie. Ila umesema kitu kizito.

#11 Fundi Vifaa Tiba
#9 tatizo hilo lina dawa na haina gharama. Ule mdoli mdogo wa kichanga, NeoNatalie, umetengenezwa kujazwa maji. Ukijaza maji ya vuguvugu unapata uzito unaokaribia wa mtoto, kama kilo 2, na mwili wenye joto. Vyuo vingi nilivyopita kufanya matengenezo wanaujaza hewa kwa sababu maji ni usumbufu. Mdoli wa hewa ni mwepesi, mwanafunzi anaunyanyua kwa mkono mmoja. Ujaze maji, ulowanishe kwa nje, mpe kitambaa. Utaona kama atakausha.

Kuhusu huo mdoli wa kompyuta, nasema kama fundi: uliza kwanza vipuri vinatoka wapi na nani atautengeneza. Nimeona midoli ya aina hiyo imefunikwa shuka tangu betri ilipokufa. Mdoli rahisi unaotumika kila wiki una ubora kuliko wa gharama unaoonyeshwa wageni.

#12 Mwaka wa Tatu
Shikamooni walimu na wakubwa wote. Mimi ni mwanafunzi, si wa chuo cha mleta mada, nadhani.

Naomba niseme kutoka upande wetu. Kwenye OSCE kuna mambo tunafanya kwa mdomo. Unasema "nanawa mikono", unapata alama, hujanawa. Unasema "naita msaada", unapata alama, hujaita mtu. Cheklisti tunaipata kwa waliotutangulia, tunaikariri kama ilivyo. Na karatasi ya zoezi inakuambia mwanzoni kabisa: "Mtoto amezaliwa, hapumui." Leba hakuna anayekuambia. Mtoto anatoka, kila mtu anamwangalia mama kwa sababu anavuja damu, wewe ndiye unatakiwa ugundue kwamba huyu hajalia.

Na hofu ipo. Siku niliyokuwa peke yangu upande wa mtoto nilijua hatua zote. Nilichokuwa sijui ni kama naruhusiwa. Sista amesimama pale, mimi ni mwanafunzi, nikishika ambu bagi bila kuambiwa atanigombeza mbele ya mama. Hicho kitu hakuna aliyetufundisha kwenye mdoli.

#13 Nesi wa Mafinga
#12 mdogo wangu, pole, na umesema kweli tupu. Sisi wa wodini tunachangia.

#14 Daktari wa Tukuyu
Alichosema #12 kinatosha kuifuta OSCE. Harden na wenzake waliianzisha Dundee, Uskoti, mwaka 1975, ili kupunguza upendeleo wa mtahini mmoja: vituo vingi, kazi ileile kwa kila mtahiniwa, orodha ileile ya alama. Nia njema. Lakini tumeigeuza kuwa maigizo ya kutamka hatua. Mimi nimesahihisha OSCE, nimempa alama kamili mtu ambaye nisingemwachia ndugu yangu, kwa sababu kila kisanduku alikigusa.

Weka mtu mzoefu, atazame zoezi zima, ajibu swali moja: ungemwachia huyu zamu? Basi.

#15 Sista Mstaafu Ilembula
Dokta nakuheshimu, ila hapo nakupinga kabisa.

Mimi nimesoma enzi hizo za "mtu mzoefu atazame". Unajua mtu mzoefu alikuwa anatazama nini? Binti wa nani, anatoka kijiji gani, anajibu kwa unyenyekevu au ana kiburi. Wasichana wenye mikono mizuri ya kazi walirudishwa mwaka kwa sababu sista mkuu hakuwapenda. Cheklisti ilipokuja ilituokoa sisi tusio na mtu. Usiifute. Irekebishe: futa alama za mdomo. Ukisema unanawa, maji yawepo, nawa. Ukiita msaada, aje mtu.

Na kuhusu upendeleo kuna njia rahisi: rekodi zoezi kwa simu, walimu wawili wasahihishe kila mmoja kivyake bila kuonana, mlinganishe. Mkitofautiana sana, tatizo ni lenu ninyi watahini, siyo mwanafunzi. Chuo kisichojua walimu wake wanasahihishaje hakiwezi kusema lolote kuhusu ubora.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu zaidi. Hakuna aliyegusa mazungumzo ya baada ya zoezi, na kwangu hapo ndipo mafunzo yanapofanyika. Mwanafunzi akimaliza, walimu wengi wanafanya nini? Wanasimama kuhesabu makosa mbele ya darasa. "Hukufanya hili, hukufanya lile, mngemuua huyo mtoto." Binti anatazama chini. Anachojifunza ni kwamba kukosea ni aibu, na kwamba usalama uko kwenye kutogusa. Umemfundisha kuganda. Mwalimu wa Uyole, samahani mwanangu, lakini kaa pembeni ya walimu wako, hesabu dakika mwalimu anazoongea na dakika mwanafunzi anazoongea. Sikiliza kama kuna anayeuliza "ulikuwa unafikiria nini pale ulipohama kutoka kitambaa kwenda ambu bagi?" na kisha ananyamaza angoje jibu. Hilo linapimika, na halihitaji mdoli wa kompyuta.

#16 Mkufunzi wa Uyole
Shikamoo Sista. Nimesoma mara mbili. Nitafanya hilo la dakika.

#17 Daktari wa Tukuyu
#15 Sista, shikamoo. Kuhusu upendeleo wa zamani sibishi, uliyaishi. Ila bado nasema cheklisti peke yake haioni mtu aliyefanya yote kwa mpangilio mbovu. Viwekwe vyote viwili, orodha na hukumu ya jumla, na ile hukumu nayo itolewe na wawili.

#18 Takwimu Kwanza
Kwa wanaotaka kupima ngazi ya nne, yaani vifo: angalieni rejista inaandikwaje. Mtoto aliyezaliwa hapumui lakini moyo unapiga, asipoguswa anaandikwa "mfu". Baada ya mafunzo, mtoto yuleyule anasaidiwa, anapumua, wengine wanaishi na wengine wanafariki baada ya saa tatu. Huyu wa mwisho sasa ni kifo cha kichanga. Kwa hiyo mafunzo mazuri yanaweza kupunguza "wafu" na kuongeza "vifo vya vichanga" kwenye karatasi. Inchaji anakemewa kikaoni kwa kufanya kazi nzuri. Soma safu zote mbili kwa pamoja, usisome moja.

Na kwa chuo kimoja, vifo ni vichache mno na sababu ni nyingi mno, namba itapanda na kushuka yenyewe. Pima muda: sekunde ngapi toka mtoto atoke mpaka pumzi ya kwanza ya ambu bagi, kwa asiyelia. Ile Dakika ya Dhahabu: ndani ya dakika ya kwanza mtoto awe anapumua au anapewa pumzi. Saa ya ukutani inatosha.

#19 Mama Mkubwa Igawilo
Mimi siyo mhudumu, ni mama wa watoto wanne, nasoma tu. Mnapima sekunde, mnapima cheklisti, mnapima walimu. Hakuna aliyesema kumuuliza mama.

Uzazi wangu wa mwisho niliona mwanafunzi anamsaidia mtoto wangu kwenye meza ya pembeni. Alijua kazi, mtoto yu hai, namshukuru Mungu na huyo binti. Lakini muda wote ule hakuna aliyenigeukia kunieleza kinachoendelea. Nilijua mtoto amekufa. Nililala pale nikiwa nimeshamlilia moyoni, mpaka nikasikia sauti yake. Huo mdoli wenu una mama? Kuna mtu anaigiza mama anauliza "mbona halii?" na mwanafunzi anatakiwa amjibu huku mikono inafanya kazi?

#20 Baridi ya Makete
Mama, nimekaa kimya nikasoma tena. Pole sana.

#21 Fundi Vifaa Tiba
#19 kifaa chake kipo mama. MamaNatalie, unavaliwa tumboni na mtu mzima kabisa, anaigiza mzazi, anaweza kulia, kuuliza, hata kuvuja "damu" ya kuigiza. Vyuo vinautumia kwa mafunzo ya kutoka damu baada ya kujifungua. Ila aliyeuvaa mara nyingi anaambiwa alale kimya ili asimchanganye mtahiniwa.

#22 Nesi wa Mafinga
Kumbe tunamwamuru anyamaze. Hiyo imeniuma.

#23 Mtoto wa Mwanjelwa
Nje kidogo ya mada: haya mambo ya midoli ni ya juzi tu, wazungu wanatuuzia. Bibi zetu walizalisha bila mdoli.

#24 Mhamiaji wa Mbulu
#23 siyo ya juzi. Ufaransa karne ya 18 mkunga Angélique du Coudray alikuwa na mwili wa kuigiza wa nguo, ngozi na pamba, akizunguka mikoani kufundisha wakunga wa vijijini, kwa kibali cha mfalme Louis XV cha mwaka 1759. Na ile kampuni ya Laerdal ya Norwei kweli ilikuwa ya vitu vya kuchezea watoto kabla ya kutoa mdoli wa kufundishia uokoaji mwaka 1960. Kwa hiyo kuuita mdoli siyo matusi.

Na bibi zetu walizalisha ndiyo. Waliopotea hawakuandikwa.

#25 Mbalizi Rodi
Kwa nilivyoelewa suluhisho ni la #8: mdoli ukae leba, dakika tano kabla ya kupokezana zamu, wanafunzi na manesi pamoja. Na lile la ruhusa la #12 linaisha humohumo, sista akishazoea kumwona mwanafunzi anashika ambu bagi.

#26 Nesi wa Mafinga
Linasikika rahisi. Nani aongoze? Usiku unaweza kuwa peke yako na wazazi kadhaa. Na yule aliyefundishwa kuongoza mazoezi anahamishwa kwenda wodi ya wanaume mwezi unaofuata, mdoli unarudi kabatini kule kule iliko ambu bagi. Mazoezi mafupi yanafanya kazi penye mtu wa kuyashikilia. Hospitali ambayo watafiti wapo kila siku ina mtu huyo. Kwetu sijui.

#27 Mkufunzi wa Uyole
Ahsanteni wote. Kwenye ripoti nitaandika hivi, nikosoeni.

Fomu za kuridhika zitabaki, ila sitazitumia kama ushahidi wa ubora. OSCE: alama za mdomo zinatoka, mdoli unajazwa maji na kulowanishwa, zoezi linaanza bila kuambiwa kwamba mtoto hapumui, na mama anaongea. Video kwa walimu wawili. Kwenye mazungumzo ya baada ya zoezi, hesabu ya dakika aliyosema Sista. Miezi mitatu baadaye mwalimu anakwenda fildi, anafanya zoezi la kushtukiza palepale leba kwa vifaa vya palepale, na anaandika pia kilichokosekana kwenye meza ya mtoto ili nesi wa Mafinga asiseme nimempa mtu kosa la kabati. Mdoli wa kompyuta nitashauri usubiri.

#28 Daktari wa Tukuyu
Zoezi la kushtukiza leba lina hatari zake. Mzazi wa kweli akiwa kitanda cha pili unamchukulia wahudumu kwenda kwenye mdoli? Na mwanafunzi anayeshtukizwa mbele ya sista anarudi kulekule kwenye aibu. Hapo sikubaliani.

#29 Sista Mstaafu Ilembula
Inategemea anayeshtukiza ni nani, dokta. Na mdoli wa kompyuta nao msiufukuze moja kwa moja, kwa wanaosomea kutoa dawa ya usingizi na kuhudumia wagonjwa mahututi una kazi yake.

#30 Mwaka wa Tatu
Mimi naomba mtushtukize. Afadhali niaibike kwa mdoli.

#31 Nesi wa Mafinga
Mwalimu, kabla uzi haujahama: kama chuoni mna barakoa namba 0 za ziada zimekaa tu, niandikie inboksi. Gari za Iringa zinapita hapa kila siku.